Rangi Chini ya Nati

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Temeke tu wazima; babu yako anakohoa, ubishi haujampungua. Umeniuliza, unyamaze bosi wako akisema huwezi kazi?

Mie nilikuwa binti pekee kwenye karakana ya malori. Simu ya upepo ya lori moja, ile redio ya kuongea na ofisini, ilipokea vizuri, ila ukibonyeza kuongea inazima. Fundi mkuu akasema imekufa, ing'olewe, na mie nisiiguse.

Nikaigusa. Lori lilikuwa limetoka kupakwa rangi, na waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye bati, wameufunga juu ya rangi ileile, umeme ukapita kidogo wa kusikilizia tu. Nikakwangua bati mpaka likang'aa, nikakaza nati, nikabonyeza simu, nikamwita fundi mkuu kule ofisini.

Akajibu, "Nakusikia."

Nikamwambia arudie.

Bibi yako,
Tatu