Mota Iliyozunguka Kinyume

Shoga, nimeaibika leo, na kichwa bado nimekiinua!

Si unajua mama mkwe ametoka hospitali? Kiyoyozi cha chumbani kwake kimeungua mota ya feni, na humo ndani ni tanuri. Nikasema mota nitaichagua mwenyewe.

Shemeji akacheka. "Wewe? Hiyo kazi ya wanaume."

Nikaenda. Nikalinganisha nguvu, urefu wa shafti, mpaka matundu ya skrubu. Fundi akafunga, ukoo mzima umejazana mlangoni. Akawasha.

Inanguruma, upepo hautoki! Fundi akachungulia. "Dada, hii inazunguka kinyume."

KINYUME, shoga! Kitu pekee ambacho sikuuliza. Nilitamani ardhi inimeze.

Shemeji akanyoosha mkono: "Lete risiti, niende mimi."

"Risiti hupati," nikamwambia. "Nimekosea mimi, nitarekebisha mimi."

Nikatoka na ndala za bafuni, mota mpya kwapa hili, ya zamani kwapa lile. Muuzaji akaniletea dubwana: "Chukua hii kubwa, itafaa tu." Nikagoma. Mota ya zamani ina mshale wa mzunguko ubavuni. Nikamwambia alete nyingine, aiwashe hapo hapo, sitoki mpaka nione inafuata mshale huu.

Sasa hivi pazia linacheza kwa upepo, mama mkwe amejivutia shuka mpaka kidevuni. Shemeji kasimama mlangoni: "Amebahatisha tu."

Mama, macho kayafumba: "Funga huo mlango. Unatupotezea upepo wa mkwe wangu."