Mkwe Wangu Ndiye Mwalimu Wangu wa Logi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho wa barua hii, maana wengine niliowaeleza walicheka kwanza, ndipo wakaninyamazia.

Mimi ni mama wa makamo, naishi hapa Bariadi na mume wangu Mboje ambaye ni mkulima wa pamba, na binti yetu mkubwa Kwandu ameolewa na kijana wa Lalago aitwaye Luhende, mwalimu wa hesabu wa sekondari hapa hapa Bariadi, mpole, asiye na neno na mtu. Nilikuwa karani kwenye ghala la chama cha ushirika mpaka wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao na chama kikakosa pamba ya kununua, tukapunguzwa kazini, na mimi badala ya kukaa nyumbani nikinung'unika nikasema nitarudi kwenye masomo niliyoyaacha nilipoolewa, nifanye mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea halafu niende chuo cha ualimu, kwa sababu shule za wazazi zinafunguliwa huku kila upande na walimu wa hesabu hawapatikani, na hesabu, mshauri, ndilo somo nililolipenda tangu utoto, hata ghalani wenzangu walikuwa wananiita mizani.

Tulikuwa tunasoma jioni, watu wazima watupu, katika darasa la shule ya msingi karibu na soko, tukifundishwa na mwalimu Marcelo, naye akapata shule ya watu binafsi huko Mwanza akatuacha katikati ya mada ya logi, yaani logarithimu. Tukakaa bila mwalimu hadi tukaambiwa amepatikana mwingine, na jioni aliyokuja nilikuwa nimeketi dawati la mbele kabisa, kalamu mkononi, mlango ukafunguliwa akaingia Luhende.

Labda wewe ni mtu wa kwingine, kwa hiyo nikueleze. Kwetu Wasukuma mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kuepukana, hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni na kutazama chini. Wapo walioyaacha hayo, hasa wa mjini, lakini familia zetu zote mbili bado zinayashika, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyomlea Kwandu. Sasa Luhende akasalimia darasa zima, “Mwadila,” akaniona, akageukia ubao kana kwamba anataka kuandika tarehe, lakini hakuandika kitu, akabaki amesimama hivyo ametupa mgongo, nami nikakusanya madaftari yangu nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilifika nyumbani nikalia. Mume wangu akasema, “Basi tena, Mungu hakupanga.” Lakini jioni iliyofuata sikuweza kukaa, nikarudi, nikasimama nje ya dirisha la nyuma, mahali ambapo naisikia sauti ila ubao siuoni, nikawa naandika nikiwa nimeegemeza daftari ukutani. Mwenzetu mmoja, Bundala, karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba, akamnong'oneza mwalimu kwamba mama yupo nje, na tangu siku hiyo Luhende akawa anasoma kwa sauti kila anachokiandika, polepole, kama anayemsomea mgonjwa. Wanafunzi walielewa, wakaendelea kuandika. Nami nikafarijika nikadhani tumepata njia.

Ndipo tukafika kwenye kutafuta kinyume cha fomula za logi na za vipeo. Alieleza vizuri sana, kwamba fomula inaichukua namba na kuipeleka mahali, na kinyume chake kinairudisha namba ileile ilikotoka, kwamba unabadilishana nafasi ya x na y halafu unaitafuta y upya, na kwamba logi na kipeo ni kama anayefunga mzigo na anayefungua. Nikaelewa, mshauri, nikaenda nyumbani nafurahi. Lakini siku ya jaribio alisoma swali kwa sauti: “y ni sawa na logi ya x toa tatu, besi ni mbili, tafuta kinyume.” Nikaandika logi ya x, kisha toa tatu. Nikabadilishana x na y, nikaihamisha ile tatu, nikapata y ni mbili kwa kipeo cha x jumlisha tatu, zote ziko juu kwenye kipeo. Nikampa Bundala karatasi yangu akaipeleka ndani.

Karatasi ilirudi imekatwa mstari mwekundu, na kesho yake Kwandu akaja nyumbani akiwa amebeba mtoto mgongoni.

“Mama, mwalimu anasema umesahau mabano.”

“Mabano gani?”

“Mimi nitajuaje? Amesema mwambie mayu, yaani wewe mama, ile toa tatu iko ndani.”

“Ndani ya nini?”

Akaniangalia, akasema, “Mama, nimechoka kubeba maneno nisiyoyaelewa. Huyu ananituma, wewe unanituma, na mama mkwe wangu kila akija kutoka Lalago ananiuliza nyinyi mnatumana nini.”

Mimi nilikuwa nafikiria mabano.

Halafu mvua zikaanza. Jioni moja ilinyesha mvua kubwa, na unajua bati linavyopiga kelele, sikuwa nasikia kitu chochote, maji yananipiga usoni, daftari nimelificha chini ya khanga, na bado nikasimama kwa sababu siku hiyo ilikuwa fomula za vipeo na nilishaachwa nyuma. Bundala akatokea mlangoni akanipigia kelele, “Mama, mwalimu anasema uingie! Yeye anatoka!” Nikasema hapana, siwezi. Bundala akasema, “Ameshatoka, mama.” Nikageuka nikamwona Luhende amekuja upande wa pili wa jengo, kwenye mvua, anatazama chini, anasubiri nipishe dirisha. Nikaingia. Yeye akapita pale pale nilipokuwa nimesimama, akaenda dirisha la mbele lililo kando ya ubao, akapitisha fimbo akawa anaonyesha aliyokuwa ameshaandika ubaoni, na Bundala akiwa karibu na dirisha anarudia maneno yake kwa sauti ili tusikie. Mbili kwa kipeo cha x, jumlisha moja. Badilisheni x na y. Ile moja itoeni kwanza, halafu ndiyo logi. Nami kwa mara ya kwanza nikaona kwa macho yangu jinsi anavyoandika, mabano yalivyokaa, kipeo kilivyopanda juu, nikaelewa yote kwa mara moja, na nilikuwa naelewa huku mkwe wangu analowa.

Baada ya hapo akaugua. Alianza na kikohozi, kisha homa, akapelekwa hospitali, daktari akasema ni homa ya mapafu. Mama yake, Milembe, akaja kutoka Lalago, na kabla hajaenda kumwona mgonjwa alipita kwangu, hakuketi.

“Mama Kwandu, umemtoa mwanangu katika darasa lake?”

“Sikumtoa, alitoka mwenyewe.”

“Alitoka kwa sababu ulitaka kuingia.”

“Niliingia kwa sababu alishatoka.”

Akasema, “Kati yenu wawili, aliyejua heshima ndiye amelala kitandani.” Akaondoka.

Mume wangu hajanikataza kusoma, ila amesema hataki kumzika mkwe. Kwandu analala hospitali kumuuguza mume wake na hanisemeshi zaidi ya salamu. Kila siku napika uji napeleka hadi kwenye uzio, nampa mtu aingize, narudi. Kanisani wanawake wenzangu wananikwepa kwenye benchi. Mtihani unakaribia na sijafungua daftari tangu siku hiyo, nikilishika naona yale maji.

Je, niache masomo ili nyumba ya binti yangu ipone? Na je, naweza kuingia wodini kumwona mkwe wangu, au nitakuwa nimeongeza kosa? Tafadhali nijibu hata kama ni kwa ukali.

Mimi Mama Kwandu,
Bariadi

*

Mama Kwandu,

Sikucheka. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi nikaisoma tena. Kabla ukurasa huu haujaenda mtamboni umetuletea pia karatasi fupi kwamba homa imeshuka na Luhende ameanza kula. Mungu ashukuriwe. Sasa naweza kukujibu kwa ukali ulioomba.

Kwanza, acha kujihukumu kana kwamba umemuua mtu ambaye yuko hai. Luhende ni mtu mzima. Alimwona mama mzima amesimama kwenye mvua kwa ajili ya somo, akaamua mwenyewe la kufanya, na aliloamua lilikuwa zuri. Ukilibeba kama dhambi yako unamnyang'anya wema wake. Milembe naye usimchukie. Mzazi aliyeogopa kufiwa husema lililo karibu na mdomo.

Lakini kosa unalo, na si lile ulilolikiri. Wewe na mkwe wako mlikuwa na jambo zito, mkalifanya la siri ambayo watu wote wanaijua. Dirisha lile, mama, halikuwa heshima. Ulisimama pale kwa sababu ulikuwa unaogopa kwenda kuwaambia wazee wa pande zote mbili, “Nataka kusoma, na mwalimu ni huyu peke yake, tufanyeje?” Hukuuliza. Mume wako akasema Mungu hakupanga, nawe ukanyamaza ukaenda kujibanza ukutani. Na ulijua masika yanakuja.

Kosa la pili ni Kwandu. Mlimgeuza binti huyo njia ya kupitia, huyu anapita kwenda, huyu anapita kurudi, na mama mkwe wake anasimama katikati anadai ushuru. Alikwambia amechoka, nawe ukafikiria mabano. Umeandika hivyo kwa mkono wako mwenyewe. Nenda ukamwombe radhi, na umwombe kabla hujauliza hali ya mumewe.

Kuhusu hayo mabano, mimi hesabu iliniacha kidato cha pili, kwa hiyo niliipeleka barua yako kwa mwalimu Athanasi anayefundisha jirani na ofisi yetu. Alichora kwenye karatasi mara mbili, akanieleza nami nikaelewa, basi wewe huna sababu ya kushindwa. Anasema kama ile toa tatu iko ndani ya mabano, fomula inaitoa tatu kwanza, ndipo inachukua logi. Ipe kumi na moja: inatoa tatu, inabaki nane, na nane ni mbili kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo jibu ni tatu. Kinyume cha kweli kikipewa tatu lazima kiirudishe kumi na moja, na kinafanya hivyo: mbili kwa kipeo cha x, halafu jumlisha tatu chini, nje ya kipeo. Nane na tatu, kumi na moja. Chako, chenye tatu huko juu kwenye kipeo, ukikipa tatu kinakupa sitini na nne. Kimekupeleka kijiji kingine kabisa. Athanasi anasema kazi yako ilikuwa safi toka mstari wa pili hadi wa mwisho, na kwa swali uliloliandika wewe lilikuwa jibu sahihi. Ulikosea mstari wa kwanza tu, kwa sababu ulisikia bila kuona. Anasema pia uwe na desturi ya kujaribu kila kinyume kwa namba moja kabla hujakabidhi karatasi. Mtu anayefanya hivyo, hata akiwa peke yake, anajua kama amerudi nyumbani au amepotea.

Sasa fanya hivi. Kesho nenda hospitali na mume wako, msiende kila mtu peke yake. Asimame Mboje mbele, wewe simama mlangoni pa wodi, sema pole, sema asante, na asante hiyo uisikie mwenyewe ikitoka mdomoni. Hutamshika mkono, hutaketi kitandani kwake, uji utampa Kwandu. Hakuna mila ya Wasukuma ninayoijua inayomkataza mtu kumpa pole mgonjwa, na kama Milembe yupo, msalimie yeye wa kwanza.

Akishapona, Mboje aitishe kikao cha familia zote mbili. Yeye aitishe, usiitishe wewe. Mwambie nimesema kutokukataza hakutoshi, sasa asimame. Waambieni wazee ombi dogo lenye mipaka: ndani ya darasa lile, kwa muda wa somo lile, Luhende ni mwalimu na wewe ni mwanafunzi. Utakaa dawati la nyuma, utautazama ubao, maswali yako atayasoma Bundala, karatasi zitapita kwa Bundala. Mkitoka nje ya mlango, heshima ya ukwe inarudi kama ilivyokuwa. Wazee wetu si mawe. Wamekubali sekondari za wazazi, wamekubali malori ya wanunuzi wapya, na hili watalipima wakiulizwa kwa adabu. Lakini waulizwe wao, wasisikie sokoni.

Wakikataa, usibishane nao. Tafuta mwalimu Maswa, hata kama ni siku za Jumamosi peke yake, hata kama utafika umechoka. Dirishani usirudi tena, iwe mvua iwe jua.

Na masomo usiache. Ukiacha leo, Kwandu ataishi akijua mama yake alikatiza njia yake mwenyewe kwa ajili ya ndoa ya binti, na huo ni mzigo mzito kuliko maneno yote ya Milembe. Daftari lifungue usiku wa leo, uanze na lile swali ulilokosa. Siku ya mtihani msimamizi atakuwa mtu asiyekujua wala kukuonea aibu, karatasi itakuwa mbele ya macho yako, na hakuna atakayekusomea. Kaa tayari kwa siku hiyo.