Anwani Uliyoisahau Kwenye Faili

Kioko, ndugu yangu,

Kwa heshima zote, na mbele ya shahidi mmoja ambaye ni paka, natangaza rasmi kwamba leo asubuhi nimebadilisha mstari mmoja wa faili. Hakukuwa na hotuba. Paka alipiga miayo.

Nimonia ilikubeba wiki chache kabla ya kura, na umekosa mengi ambayo hungetaka kuyaona. Mtaa wetu wa Laini Saba umeungua kwenye fujo zilizofuata kura. Cyber yetu ya kukodisha kompyuta imebaki mabati na harufu. Watu tuliokuwa tukipigiana "niaje" sasa wanakuuliza kwanza jina lako la pili, wajue kabila lako. Mimi nimehamia Kawangware kwa shangazi. Na mama yako... hapo ndipo usingizi uliponikataa. Nyumba yake ilichomwa, simu yake imezimwa, na hakuna aliyemwona tangu siku hiyo. Nilikuahidi hospitalini kwamba nitamwangalia. Nikawa hata sijui aliko.

Unakumbuka ile huduma yetu ya kutafuta mafundi? Unauliza jina, inakujibu yuko mtaa gani. Nimeigeuza itafute waliokimbia. Viongozi wa makanisa na wa msikiti wa Kibera wakawa wanaingiza majina ya watu waliowahifadhi, na majina yote yanafika kwenye seva tuliyokodi. Kuingiza, sawa. Kuuliza ndiko kulikogoma: kila kompyuta ilisema huduma haipatikani. Nililaumu modemu, nikalaumu mvua, nikalaumu serikali, maana ulikuwa msimu wake.

Leo ndipo nilipofungua lile faili la maelezo, lile ambalo kompyuta za wengine husoma kwanza ili zijue huduma inatoa nini na inapatikana wapi. Juu ulipanga vizuri, sina neno. Nikashuka mpaka chini kabisa, penye anwani. Buda! Uliandika localhost! Yaani "hapa hapa kwangu." Kila kompyuta iliyolisoma ikaamini huduma iko tumboni mwake, ikajiuliza yenyewe, ikakosa jibu. Ni kama kumwelekeza mgeni kwa simu: "Shuka hapa."

Nilikusikia kabisa ukijitetea: "Lakini kwangu inawork!" Kwako, ndiyo. Ulikuwa unaijaribia kwenye mashine ileile ilimokaa. Nilicheka peke yangu, Kioko, mara ya kwanza tangu tukuzike. Halafu kicheko kikageuka, nikajifuta machozi kwa shati.

Nikafuta neno lako. Nikaandika anwani kamili ya seva. Nikauliza jina la mama yako.

Akatokea. Jina lake, la baba yake, na chini yake: mzima, hana jeraha. Kawangware, kituo cha 56, ukumbi wa kanisa.

Sijui kama huko mlipo habari hufika, kwa hiyo nakuandikia. Pumzika sasa. Hiyo kazi uliyoiacha nusu imemalizika, na ahadi yangu iko palepale: mama yako hatalala njaa nikiwa na mikono. Na kila anwani nitakayoandika, nitaijaribu kwanza kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Nilinyanyuka nikavaa viatu nimkimbilie. Haikuhitajika; kwa haraka nilisahau mimi mwenyewe nilipo. Hiyo kompyuta niliyokuwa nikiitumia ni ya ukumbi huohuo, na mama yako alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta, anachagua maharagwe.