Mama Anabeba Sweta Kwenye Jua Kali

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi baba anarudi kutoka kambi ya ujenzi wa barabara, na alipoondoka aliniambia, "Wewe huongei lakini macho unayo, ukiona jambo hapa nyumbani niambie," na mimi nimeona, ila sijui kama nilichokiona ni cha kusema au ni cha kumeza. Shuleni wananiita Bubu kwa sababu nikiulizwa swali najibu huku nikitazama meza, kwa hiyo usishangae nikiandika mengi, kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Sisi si wa huku. Kwetu ni milimani, ukungu wa asubuhi unaingia hadi jikoni na mtu analala na mablanketi mawili, lakini baba alipopata kazi ya barabara tukashuka naye huku tambarare, tukapanga vyumba viwili vya bati tupu bila dari, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, na mama akaanza udobi, anapiga pasi nguo za watu kwa pasi ya mkaa humo humo ndani kwa sababu nje vumbi linachafua mashati. Tulipofika alikuwa anatania, anasema huku hata sufuria inachemka bila moto, ila kiangazi kilipokolea utani ukaisha. Anasimama mlangoni anaitazama hiyo tambarare, anasema, "Huku hakuna hata kilima jicho likaegemea," kisha anarudi kwenye pasi yake, na ukimwuliza chumvi iko wapi anakujibu kama umemtukana. Mdogo wangu alimwaga maji akachapwa, maji tu, mshauri, na tulipokuwa kwetu mama hakuwahi kumpiga mtu.

Ndipo nilipoanza kuona mambo. Jua likishapanda, mama anapanga nguo za wateja kwenye mfuko, anasema anakwenda kuzipeleka, na siku moja niliuinua ule mfuko nikakuta chini kabisa pana sweta lake la sufu, lile alilokuwa akivaa kwetu wakati wa baridi kali. Sweta, mshauri, na huku hata mbuzi wanahema. Nikalirudisha chini ya nguo. Anachelewa kurudi, na akirudi amekuwa mtu mwingine, anaimba kidogo, anatuita "wanangu", siku moja akanishika shavu nikaruka, maana mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka kuchota maji kisimani, nikajiuliza, mtu anayezunguka na nguo juani mikono ya baridi anaitoa wapi?

Jirani yetu muuza mkaa naye amemwona njiani, sweta linachungulia mfukoni. Akaniita. "We mtoto wa dobi, mama yako na sweta wanakwenda wapi?"

Nikasema sijui.

Akacheka hadi akakohoa. "Watu wa juu nawajua mimi. Joto likiwachoma wanahama kidogo kidogo. Leo sweta, kesho blanketi, keshokutwa mwenyewe. Utaamka umkute hayupo."

Tangu hapo silali vizuri, nasikiliza komeo la mlango.

Basi nikamfuata. Aliacha nguo nyumba mbili tatu, kisha akakata kona hadi kwenye ghala la mboga, lile linalonguruma mchana kutwa, ambako malori yanashusha kabichi na karoti kutoka huko huko kwetu. Nikajibanza nyuma ya matenga. Mtunza ghala akachungulia huku na huku, akamfungulia mlango mnene mweupe, akamwambia, "Ingia upesi, dada, mlango huu hautakiwi kukaa wazi, na tajiri akitokea mimi sikujui." Mama akauliza lori la juu linakuja lini. Akajibiwa Jumapili alfajiri. Mama akasema, "Usinisahau tu," akaingia na mfuko wake, mlango ukafungwa. Jumapili alfajiri, mshauri, baba atakuwa ndiyo kwanza amelala uchovu wa safari. Kama si mpango ni nini?

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachoninyima raha zaidi. Aliporudi nyumbani, nililitoa lile sweta mfukoni mwake nikalificha ndani ya foronya ya mto wangu, nikasema moyoni, bila sweta hawezi kurudi milimani. Akalitafuta kimya kimya, hakuuliza mtu, na mtu anayetafuta kitu chake bila kuuliza si ana jambo? Akaondoka bila hilo sweta, na aliporudi alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, kwenye joto lile lile ambalo mimi nilikuwa nimelala sakafuni kutafuta ubaridi wa saruji. Nikamwuliza, "Mama, una nini?" Akasema, "Sina kitu, ni uchovu." Nikajua hiyo ni hofu, ameshajua kwamba nimejua. Sasa ana kikohozi na mimi nalalia sweta lake.

Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba hali ya hewa na sura ya nchi hubadilisha hisia na tabia za watu, nikayaandika yote kwenye mtihani kwa lugha ya shule nikapata tiki, lakini mama yangu hakubadilishwa na hewa, mama yangu anaficha kitu. Kwa lugha ya shule nina maneno ya kila jambo, nikifika nyumbani sina hata moja la kumwuliza. Je, nimwambie baba Jumamosi kabla lori halijaja? Au nikinyamaza nitakuwa nimemsaidia mama kutuacha?

Bubu, dawati la nyuma


MSHAURI ANAJIBU

Bubu, pole. Mtoto kulala huku akisikiliza komeo la mlango si jambo dogo, na yeyote anayekuambia ni utoto hajawahi kuogopa kuachwa.

Sasa litoe hilo sweta kwenye mto, leo hii, umkabidhi mwenyewe mkononi, umwambie ni wewe uliyelificha. Hivi, mwanangu, ghala la mboga linalonguruma mchana kutwa, lenye mlango mnene usiotakiwa kuachwa wazi, ndani yake kuna nini? Kabichi haivumilii joto. Ile ngurumo ni mashine ya baridi! Ulimfuata mama yako hadi mlangoni, masikio yako yakasikia "lori" yakaziba mengine yote. Mikono ya baridi anaitoa humo. Uimbaji anautoa humo. Na siku uliyomnyang'anya sweta aliingia vile vile, kwa sababu nyumbani hapakaliki, akatoka anatetemeka, na wewe ukaiita baridi hofu. Kikohozi kile kina mkono wako.

Mwalimu alikupa tiki, mimi nakunyang'anya. Jambo uliloliandika kwenye mtihani limesimama nyumbani kwenu kila mchana na pasi ya mkaa mkononi, ukashindwa kulitambua kwa sababu halikusema kwa lugha ya shule. Mtu aliyezaliwa kwenye ukungu amewekwa chini ya bati la moto, juu yake jua, mbele yake makaa, na akitoka nje kupumzisha macho anakuta tambarare hadi mwisho wa dunia. Unashangaa anakasirika kuhusu chumvi? Na wewe mwenyewe joto halikukuacha. Mama yako limempata kwenye hasira, wewe limekupata kwenye shuku.

Huyo muuza mkaa aendelee na mkaa wake. Mtu anayemtisha mtoto kuhusu mama yake huku akicheka, maneno yake hayaingizwi ndani.

Simtetei mama yako kwa kila kitu. Kumchapa mtoto kwa maji yaliyomwagika ni kosa, hata bati likiyeyuka. Kukaa kwenye chumba cha baridi kilichofungwa, kwa siri ya mtu mmoja anayemwogopa tajiri wake, ni hatari: huyo mtunza ghala akiitwa upande wa pili akasahau, nani atajua yumo? Wewe unajua. Basi mwambie kwamba ulimfuata na umeona. Ndiyo, utatazama meza. Tazama meza, lakini sema.

Na lile lori? Hapo sikudanganyi, sijui. Pengine anataka kumtumia mama yake salamu. Pengine anataka kweli kupanda. Muulize: "Mama, Jumapili unakwenda?" Maneno matatu, na hayahitaji lugha ya shule. Akisema ndiyo, muulize anarudi lini. Mwanamke akienda kwao kupumua wiki ya joto kali, hiyo ni safari, haijawa talaka, na safari huagwa mchana mbele ya watoto. Mwambie unataka kuagwa.

Nyumba nayo isisubiri. Pasi ipigwe alfajiri kabla bati halijashika moto, na mlango na dirisha viwe wazi, maana makaa kwenye chumba kilichofungwa yanaleta kichwa kuuma na hata kifo. Heri shati lenye vumbi. Omba maboksi matupu dukani, yafungeni chini ya bati yawe dari, mbali na pasi na jiko. Mchana mdogo wako mpeleke kivulini nje, asikae miguuni pa mtu aliyechoka.

Kuhusu Jumamosi: usimpelekee baba yako habari za mlango mweupe, za lori wala za mtunza ghala. Hayo si yako, na yakitoka kinywani mwako yatafika yakiwa mengine kabisa. Akikuuliza umeona nini, mwambie unachokijua kwa ngozi yako mwenyewe: baba, humu ndani mchana hapakaliki, ingia saa saba ukae nasi. Akishakaa na jasho likamtoka, mchukue mdogo wako mtoke nje, mama yako apate nafasi ya kusema ya kwake.