Mtumbwi Nilioushona

Alhamisi, Mfungo Tano, 1961

Leo kipupwe kimeuma tangu alfajiri, na manyunyu hayakujua kama yananyesha au yanaacha. Nami niko hivyo hivyo. Nimelowa hadi kiunoni, nimekaa kitandani karibu na kifurushi cha nguo za mke wangu, na sijui nifurahi au nilie.

Niandike tangu mwanzo, huenda nikaelewa mwenyewe.

Baada ya uchaguzi, Mjomba Shaame alikuja kumchukua Mize. Mize ni mke wangu, naye ni binti yake, kwa hiyo mjomba ndiye mkwe. Alisema mwanawe hatakula chungu kimoja na watu wa chama kile. Chama kile ndicho changu, ingawa kusema kweli kadi niliichukua kwa sababu wateja wangu wote pale Madungu walikuwa nayo, na fundi cherehani hagombani na wateja. Mize alijitanda akamfuata baba yake. Hakulia. Hakunitazama pia. Mpaka leo sijui kama alichukuliwa au alikwenda.

Kwao ni ng'ambo ya hori tu, mkono mwembamba wa bahari, adhana yao naisikia nikiwa kitandani. Lakini mwenye mtumbwi wa kuvushia watu ni wa chama chao. Kila nikienda pwani huniambia kwa adabu zote kwamba chombo kimejaa, nacho naona ni kitupu. Kuzunguka kwa miguu ni kupita katikati ya watu wao, na mwenzangu mmoja aliyejaribu alirudishwa kwa marungu.

Basi nikaamua kuunda changu. Kuchonga gogo sijui, najua kushona. Nikakata fito za mkandaa, nikazikunja zikawa mbavu, nikazifunga kwa kamba za usumba wa nazi. Juu yake nikavisha turubai kuukuu ncha hadi ncha, nikaacha tundu la kukalia, nikalishona kwa sindano ya magunia na kulipaka lami iliyochanganywa na sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki mkononi hata kwa sabuni. Vipimo nilivichukua kwa futi yangu ya kazini. Nilikaa sakafuni, nikanyoosha miguu, nikajipima nyonga, magoti na nyayo, nikaongeza vidole viwili vya kupumulia kama ninavyowafanyia wateja wa makoti. Ukanikaa sawasawa. Ni mwepesi, naubeba kichwani. Watu walicheka wakasema fundi kajishonea kanzu ya kuendea baharini.

Nilifurahi kuchekwa. Hilo nalo silielewi.

Leo baada ya adhuhuri maji yalipojaa nikaushusha. Nikipiga kafi kulia, ncha inakimbilia kushoto. Nikijikuna, chombo kizima kinayumba. Nilivuka nikizungukazunguka, mara uso kwao, mara uso kwetu, na watu wa pande zote mbili wakitazama. Lakini nilivuka, na lami haikuvuja.

Mjomba alikuwa barazani akisokota kamba. Nikamshika mkono nikamwamkia, akaitikia. Aliutazama mtumbwi pale pwani, kisha akaniuliza kama kitu kile kinaelea. Nikamwambia ndicho kilichonileta. Nikamwambia pia kwamba nimemfuata mke wangu, nikajikaza kusubiri matusi. Hayakuja. Alisema mwenyewe yumo ndani, nimuulize yeye, akarudi kwenye kamba yake.

Siku zote hizi nimemkasirikia mzee huyu. Sasa hasira yangu niipeleke wapi?

Sikuwahi hata kubisha hodi. Mize alitoka amevaa buibui, kifurushi mkononi. Alinipita, akashuka pwani, akakiweka kifurushi juu ya turubai mbele ya tundu langu la kukalia, akakunja pindo la buibui, akaingia majini hadi kwenye mashavu ya miguu. Alikuwa anakuja.

Kisha akasimama. Alitazama mbele, mahali pa kunyooshea miguu yangu. Akatazama nyuma, palipofungwa turubai.

"N'kae wapi?"

Nilitazama na mimi, kana kwamba chombo si changu. Nikasema upuuzi, kwamba nitapeleka nguo kwanza nirudi. Nirudi na nini? Chombo ni kile kile.

"Umekuja nitwaa," alisema taratibu, "ukaunda cha peke yako."

Akatoka majini akaenda zake. Nikamwita kwamba kasahau nguo. Hakugeuka. Nikausukuma mtumbwi hadi maji yakanifika kiunoni, nikarudi peke yangu na kifurushi.

Kifurushi kiko hapa, sijakifungua. Kwetu mwanamke akiachana na nyumba huziondoa nguo zake. Aliyezileta nguo akabaki mwenyewe, huyo kaachana na nani?

Na mimi je? Nilipokuwa nikishona, kila siku nilijiona nikifika, watu wamesimama, mwenye mtumbwi ameona haya. Hilo nililiona wazi kabisa. Mize amekaa chomboni, tunarudi pamoja, hilo sikuliona hata mara moja. Nami ndiye niliyekuwa nikimlilia mbele ya kila mtu.

Kesho naufumua mtumbwi. Nitaongeza nafasi ya mtu wa pili, aketi mbele yangu. Sijui kama turubai lililokunywa lami linakubali kufumuliwa. Wala sijui kama atatoka nje mara ya pili.