Umri wa Mtoto wa Masama

Dada Aikande,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwako Machame, kwenye meza uliyokuwa ukiwekea redio. Tangu tukuzike, kahawa ya upande wa juu tumeing'oa, tumepanda nyanya. Ng'ombe wako amezaa, jike. Na Anande, binti uliyemfundisha kazi pale chumba cha eksirei, amepata nafasi ya kwenda nje kwa yale masomo ya juu uliyoyataka wewe: kusoma picha na kuziandikia majibu, si kuzipiga tu na kuzikabidhi. Jumapili tunamuaga hapa nyumbani.

Anaamini uliiacha nafasi yako ili umuuguze mama. Wote wanaamini hivyo, kwa kuwa ndivyo ulivyowaambia. Mimi najua haikuwa hivyo, na nimenyamaza miaka kumi na moja.

Ilikuwa baada ya ibada. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori, vidole vyeusi kwa utomvu. Barua ya chuo ulikuwa umeshaipata. Ilibaki hospitali ikupe barua ya ruhusa. Ukanisimulia habari za mtoto aliyeletwa kutoka Masama wakati daktari ameshaondoka. Ulipoitundika picha kwenye taa, uliona hewa imevuja kifuani na pafu moja limesinyaa. Sheria ilikukataza kusema ulichokiona. Kazi yako ilikuwa kupiga picha. Kuisoma ilikuwa kazi ya daktari. Ulimwambia muuguzi hata hivyo, daktari akafuatwa nyumbani, mtoto akapona.

“Hiyo usiniandike, Elisaria,” ulisema. “Wewe hata ukimenya ndizi unaandika.”

Nilicheka. Sikujibu. Kwenye kazi yangu ya gazeti, asiyejibu hajaahidi. Nililishikilia hilo kwa muda mrefu.

Siku zile magazeti mapya yalikuwa yanazaliwa na kufa, na letu lilikuwa na njaa ya habari za mikoani. Niliandika nikikusifu. Sikutaja jina lako, nikadhani nimekulinda. Lakini chumba kile mlikuwa wawili tu, na mwenzako alikuwa likizo. Kichwa cha habari kiliwekwa Dar es Salaam: kilisema asiye daktari anatoa majibu ya wagonjwa. Wiki ile ile uliitwa ofisini. Barua ya ruhusa haikutoka. Chuo kilisubiri hadi mwisho wa mwezi, kisha kikampa mwingine nafasi yako.

Ungeniuliza, ningekujibu kwamba kila neno nililoandika ni kweli. Hukuniuliza. Na mimi sikuja mwenyewe. Nilimtuma mama na jani la isale, ambalo kwetu aliyekosewa akiletewa hakatai kusamehe. Ulilipokea. Mama alirudi na maneno yako: “Haya, yameisha. Mwambie aje ale.”

Nikaja, nikala. Uliponipakulia uliuliza, “Umenawa, mwandishi?” Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Hukulitaja tena jambo lile. Masomo pia hukuyataja tena.

Nilijua nilichofanya, dada. Nililituma lile jani kabla hujapata nafasi ya kunisema. Halikuwa ombi. Nilikuziba mdomo, na nikatumia desturi yetu wenyewe kufanya hivyo. Mpaka leo sijui kama ulinisamehe au ulitii tu. Mama, aliyelibeba, naye hayupo. Nimebaki mimi ninayejua.

Jumanne nilifungua bahasha kubwa ya eksirei iliyokuwa chini ya kitanda chako. Ndani mlikuwa na barua ya chuo na kile kipande cha gazeti. Nilikisoma polepole, nikitafuta mstari uliokuuma. Kulikuwa na alama moja tu, ya penseli. Niliandika kwamba mtoto ana miaka minne. Ulikata, ukaandika sita.

Nimeishi na ile kweli yangu miaka yote hii. Kumbe nayo ilikuwa na kosa. Ningekuonyesha kabla ya kuipeleka, ungenisahihisha umri wa mtoto, halafu ungeniambia nisiipeleke. Ndiyo maana sikukuonyesha.

Jumapili, watu wakishakula, nitasimama. Nitamwambia Anande mbele ya wote kwamba hukuiacha ile nafasi. Niliiharibu mimi, kwa habari uliyonikataza. Nitawasomea kile kipande chote, na nikifika kwenye umri wa mtoto nitasema sita. Isale ipo tele hapa nje, imezunguka kaburi lako. Sitakata hata jani moja. Anayetaka kunikasirikia, akasirike.

Pumzika, dada. Ndizi za mtori wa Jumapili nitamenya mimi. Safari hii nitamenya tu.

Mdogo wako,
Elisaria