Mrukamiaka Amevaa Hando

Kazungu, rafiki yangu,

Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa Barani alisimama mbele ya watu akasema: "Mrukamiaka alikufa pamoja na Kazungu. Kumvika mtu mwingine koti lake ni kumzika marehemu mara ya pili, tena ni kumtonesha mjane kidonda." Watu wakaguna kwa heshima, wengine wakatikisa vichwa, na mlango wa ukumbi ukafungwa. Maneno mazuri, yana sauti ya msiba. Lakini ni uongo tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na kwa kuwa wewe ndiwe unayesingiziwa, nimeona wewe ndiwe wa kwanza kuandikiwa.

Najua unacheka. "Karisa, wewe ungebishana hata na kengele ya shule." Ndiyo, ningebishana nayo, kama ingelia kabla ya wakati wake.

Kwanza nimkumbushe mwenyekiti jinsi mambo yalivyokuwa. Mimi nilitunga mchezo wa Mrukamiaka, wewe ukamcheza. Mtu mmoja, koti la mvua linaloburuzika chini, na baiskeli nyeusi iliyosimamishwa kwa stendi ili gurudumu la nyuma lizunguke hewani. Ukipiga pedali kwenda mbele, Mrukamiaka anaelekea miaka ijayo. Ukizirudisha nyuma, mnyororo unatoa ule mlio wake wa tiki tiki tiki, naye anarudi zama za mababu. Hatukuwa na kingine. Wajuaji walituuliza mashine gani hiyo isiyo hata taa. Watoto hawakuuliza. Walikuja na pakiti zao za maziwa ya shule, wakaketi mbele, na ukisimamisha miguu tu, wao ndio waliokwambia umefika mwaka gani.

Kisha ikaja ile Jumapili ya mwisho. Mrukamiaka alikuwa amerudi Malindi ya kabla ya merikebu za wageni, akaumwa na nyoka, kifutu, kichakani. Ukalala kwenye mkeka, ukasema: "Msinililie. Mwili ni nguo, na hii imechanika. Ngojeni nikabadili." Ukajifunika koti, pazia likafungwa. Watoto walitoka wakibishana kama atarudi mrefu au mfupi. Mimi nilikufuata nyuma ya pazia nikakuuliza, "Sasa atarudi kwa sura gani? Niandike nini?" Ukaniambia, "Si kazi yako hiyo, wala si yangu. Atakayekuja atajulikana." Nilidhani tunazungumza habari za mchezo. Kumbe wewe daktari alikuwa amekwisha kukwambia kwamba huna siku nyingi.

Ah, Kazungu. Tuendelee.

Tulikuzika kwenu Sabaki, nawe unajua hanga, matanga yetu ya Kigiriama, si mahali pa watu kukaa wamekunja nyuso. Tulilia tukamaliza machozi, kisha ngoma ikaingia. Siku ya pili shemeji yako Dama akafika kutoka Mtwapa. Naye ni mulamu wako, mdogo wa mkeo Sidi, na haki ya mulamu hakuna asiyeijua: kukutania ukiwa hai na kukutania ukiwa chini ya udongo. Akaingia ndani kwa dada yake, na alipotoka alikuwa amevaa koti lako. Akatembea mwendo wako, ule wa mguu wa kulia kufagia njia. Akachungulia sufuria akanguruma kwa sauti yako: "Nani amepika wali huu? Mwataka nife tena?"

Watu walianguka. Kuna wazee walioshikana mabega ili wasidondoke. Na katikati ya kicheko kile sauti moja ya kitoto ikapiga kelele, "Mrukamiaka karudi!"

Dama akageuka, akalitazama koti, akajitazama kifua, akasema, "Karudi, tena safari hii amepewa na makalio."

Nikajua. Ulisema atajulikana, na nikamjua pale pale, nikapeleka jina lake kwa kamati.

Sasa mwenyekiti anasema mambo haya ni ya kigeni, ati nimeyaokota katika vitabu vyangu. Mtu afe, arudi na mwili mwingine, aitwe yule yule! Mwenyekiti huyu ni Mgiriama kama mimi na wewe. Amepewa jina la babu yake. Bibi yake mzaa baba alimwita "mume wangu" mpaka siku aliyofariki, na nilikuwapo dukani siku alipomgombeza hadharani: "Umekwenda zako miaka yote hiyo, umerudi, na tumbaku bado huniletei!" Naye, mtu mzima mwenye tai shingoni, akajibu, "Nisamehe, mke wangu," akaenda kuinunua. Mtu aliyekuwa mume wa bibi yake kwa miaka arobaini na ushei leo ananiambia haiwezekani mtu mmoja kuwa na miili miwili! Mimi sikuvumbua kitu. Nilikiiba nyumbani kwetu, nikakipandisha baiskeli.

Alipoona hoja hiyo imemvunjikia mkononi, akashika nyingine: Mrukamiaka ni mwanamume. Nikamuuliza nani alimwambia. Mtu aliyeruka miaka mia tano kwa baiskeli isiyogusa ardhi, mwenyekiti ameyakubali yote, akakwama kwenye sketi! Kuna imani ndogo namna hiyo?

Lakini hoja yake iliyoniuma, nakiri, ni ile ya Sidi. "Mjane ataumia." Niliiogopa. Kwa mambo mengine napigana bila kuangalia nyuma, ila nikimfikiria Sidi kalamu ilikuwa nzito. Kisha nikajiuliza: katika kamati nzima ya wanaume wanaomwonea Sidi uchungu, ni nani aliyekwenda kumuuliza? Hakuna. Nikaenda mimi. Nikamkuta anapepeta, nikamwamkia, nikaanza kuzunguka zunguka kwa maneno. Hakuutua hata ungo. "Karisa," akasema, "lile koti lilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya kanga zangu. Wadhani Dama alilipata wapi?"

Basi. Ukumbi ulikuwa umefungwa, tukatoka uwanjani, Jumapili mchana, watu wakitoka makanisani. Habari ilikuwa imetangulia. Wakaja wa Barani, wakaja wa Sabaki kwa miguu, wakaja wale Wakamba wanaofanya kazi hotelini na sare zao, na yule muuza chai kutoka Murang'a aliyekuwa akisema mchezo wetu ni wa watu wa pwani tu, akaja na birika lake akasahau kuuza.

Dama aliinuka kutoka kwenye mkeka ule ule ulipomwacha Mrukamiaka. Koti lako juu, na chini yake hando, ile sketi ya mama zetu ya marinda tele, iliyomfanya aonekane kama amebeba wingu kiunoni. Akaipanda baiskeli. Kazungu, kuipanda kwenyewe kulikuwa mchezo mzima! Hando upande huu, mtalimbo wa baiskeli upande ule, na mamia ya watu wakimpa ushauri. Hatimaye akaketi, akatangaza kwa madaha kwamba anarudi kwa mababu kumtafuta kifutu aliyemuua, wana deni la kuzungumza. Akakaza miguu, akapiga pedali kwenda mbele.

Mbele! Gurudumu likavuma. Watoto wakaruka juu: "Nyuma! Nyuma! Wapotea!" Mimi nilishika kichwa, nikaona mwenyekiti, aliyesimama mbali chini ya mkwaju kana kwamba anapita tu, anaanza kutabasamu.

Dama hakusimama. Akawatazama watoto kwa jicho lako lile la dharau, akasema, "Tulieni nyie. Mwili mpya huu, miguu haijajua njia."

Sijawahi kusikia uwanja ukilipuka vile. Na katika mlipuko ule kulikuwa na kicheko kimoja kilichopanda juu ya vyote, kinene, kizito, cha kukata pumzi. Nikageuka. Sidi alikuwa mbele kabisa, kwenye jamvi, amejipiga mapaja, machozi yanamtiririka, akipaza sauti, "Ndiye! Ndiye huyo! Hata mimi alinioa akapotea njia ya kwenda kwetu!"

Tangu tukuzike hakuwa amecheka. Tulifikiri amesahau.

Habari nyingine: binti yako amejifungua mvulana. Ameitwa Kazungu. Sidi anamwita mume wangu na analalamika kwamba umerudi bila meno. Mwili mmoja ni wa Dama wa Mtwapa, mwingine umefungwa mgongoni kwa kanga. Wewe na tamaa zako.

Lala salama, ndugu yangu, au usilale, uamuzi ni wako. Nakuahidi nitaandika maadamu kuna miguu ya kupiga pedali, na kila mwili atakaoupata Mrukamiaka nitauandikia maneno yake wenyewe, sitaulazimisha kuvaa yako.

Na ninyi wanakamati wa ukumbi wa Barani, ambao najua mtaisoma barua hii ingawa hamkuandikiwa: mjane mliyemsemea amejisemea mwenyewe, mbele ya macho yenu. Hamna tena wa kujificha nyuma yake. Mvua za masika zimekaribia, na watoto wameketi kwenye mchanga. Fungueni mlango Jumapili hii, kisha mje mketi nao chini, mwenyekiti akiwa mbele. Dama anakwenda mbele, mwaka wa elfu mbili, ambao sisi bado hatujaufikia. Msimcheleweshe.